Waraka kwa Mwandishi wa Ilani

Mheshimiwa,

Baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya. Hofu na mashaka ni juu yako, kwani tangu 2005 sijaletewa jibu.

Ahadi yenyewe sikukumbushi, maana uliiandika wewe katika ilani ya uchaguzi ya chama tawala, tena kwa mkono mzuri: kwamba suala la Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara litapatiwa ufumbuzi. Neno hilo lilitupendeza sana. Hatukujua kwamba na fumbo lingekuwa lako.

Nasikia siku hizi unaalikwa kwenye makongamano kueleza kama Uislamu unaweza kukaa nyumba moja na demokrasia. Kwa idhini yako, nichangie kidogo. Mahakama za kadhi zilifutwa kwa sheria ya 1963. Waliotaka zirudi walisoma ilani yako, wakapanga foleni juani, wakapiga kura, kisha wakalingoja Bunge. Kama kuna hatua ya kidemokrasia waliyoiruka, tafadhali nielekeze.

Ukarimu wako hausahauliki. Mwaka 2012 ulituruhusu tujiwekee kadhi wenyewe, bila fedha ya serikali wala nguvu ya sheria: kadhi wa kuhukumu, mradi asitarajie kutiiwa. Katika Bunge Maalumu la Katiba, 2014, ukatuomba subira, muswada unakuja. Ukaja kweli, mapema 2015, na kabla haujajadiliwa ukaondolewa. Mgeni gani huyu, hata maji hakunywa!

Hoja yako kwamba serikali haina dini naiheshimu. Ni serikali hiyo hiyo yenye sheria ya 1964 kuhusu Sheria ya Kiislamu, na mahakimu wake, aliyesoma fiqhi na asiyesoma, ndio wanaotugawia mirathi. Majirani zangu Wakristo wana haki ya kuuliza nani atamlipa kadhi mshahara. Na binti zetu wana haki kubwa zaidi ya kuuliza fungu lao la mirathi, nusu ya la kaka zao, litasimama vipi mbele ya Katiba inayosema watu wote ni sawa. Mimi mwenyewe sina jibu la kuwatosha. Ndiyo maana tulikuwa na hamu ya ule mjadala uliotuepusha nao.

Kenya wameujadili, kwa kelele nyingi, wakaiweka mahakama hiyo katika Katiba ya 2010, ibara ya 170, na mipaka yake: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda. Zanzibar, ndani ya Muungano huu huu, makadhi wapo. Huko wewe huvuka kwa boti mara kwa mara, wala sijasikia kwamba demokrasia yako hutapika njiani.

Utakapokaa kuandika ilani nyingine, naomba kwa unyenyekevu uchague moja: tekeleza, au andika waziwazi kwamba hutaki. Nakala ya 2005 ninayo bado, imekunjamana kidogo. Ukitaka kuiazima, tuma mtu.

Wako mtiifu,
Mpiga kura