Tai Asiyeruka

Kabatini, ghorofa ya tisa, jengo moja la Kipling Avenue, Rexdale, Toronto. Saa tatu usiku. Bwana, mwenye kabati, amelala. Zamu yake ya ghalani, karibu na uwanja wa ndege wa Pearson, inaanza saa tano. Wanaozungumza ni Tai, aliyetoka kwenye intavyuu mchana. Buti la kazi, pua yake chuma. Na Kioo, aliyepigiliwa ndani ya mlango.

TAI: Tangu nirudi hamjaniuliza kulikuwaje.

BUTI: Tukuulize nini? Shati limerudi na jasho kwapani. Jibu tumelisoma.

TAI: Jasho ni la shati. Mimi nilitulia tuli. Tai hupaa juu, akaitazama dunia...

KIOO: Haya, ameanza.

BUTI: Ewe bwana, sarufi yenyewe imekukana. Mwenye mabawa ni tai huyu. Wewe ni tai hii.

TAI: Ni jina moja.

BUTI: Yule hula sungura. Wewe unaliwa na nondo, na una doa la maharagwe.

TAI: Doa ni la tui! Na mjue kuwa humu kabatini mwenye uzoefu wa Kanada ni mimi peke yangu. Nilishonwa Montreal. Mwalimu mmoja wa huku akanivaa miaka minane, akanitoa sadaka, nikafungwa kwenye robota, nikashukia Kilindini. Bwana akaniokota kwenye mitumba ya Kongowea kwa shilingi hamsini, akanirudisha kwetu kwenye sanduku lake.

BUTI: Basi wangekuajiri wewe.

TAI: Walinitazama sana, si uongo.

KIOO: Niambieni kuhusu bwana. Nimefanya naye mazoezi wiki mbili, kila akitoka kuoga, mlango umefungwa mtoto asiamke. Mabega nyuma. Tabasamu, lakini si la kuonyesha magego. Macho kwa macho, hesabu nne, pumzika, hesabu nne tena. Kisha dakika mbili mikono kiunoni, miguu imetanuka, kama Superman. Mama aliyemfundisha kwenye semina ya intavyuu alisema hiyo ni sayansi ya Harvard.

BUTI: Sayansi! Ule utafiti wa 2010 ulipima watu 42. Mwaka 2015 wengine wakaurudia kwa watu 200. Watu walijihisi wakubwa, sawa, lakini homoni zilizosemwa zitabadilika zikakaa palepale. Mwaka 2016 Dana Carney, mmoja wa waandishi watatu wa utafiti wa kwanza, akatangaza kwamba haamini tena. Bwana wetu bado husimama kiooni, ametanua miguu.

KIOO: Wewe buti umeyajulia wapi hayo?

BUTI: Ghalani. Meza yetu ya chai ina daktari wa meno, wahandisi wawili na mwalimu wa fizikia. Kile ni chuo kikuu, isipokuwa wanafunzi wanabeba maboksi.

TAI: Naendelea. Tulipanda treni ya Finch.

BUTI: Ile iliyojengwa tangu 2019 ikafunguliwa Desemba 2025, ikaanza kwa kutambaa mpaka abiria wakalalamika? Hakuna aliyeiambia ijiamini. Walisema ina matatizo, itatengenezwa.

TAI: Nizungumze au nisizungumze? Tuliingia. Watu watatu, maji kwenye glasi, chumba cha baridi. Bwana kidole chake cha shahada kilikuwa na plasta...

BUTI: Ile ni Jumamosi. Kisu cha maboksi.

TAI: Akakificha chini ya meza. Yule mama wa kati akaandika neno moja.

KIOO: Ala! Nilimwambia mikono iwe juu ya meza!

TAI: Wakamwambia, tueleze habari zako. Yeye akaanza kwa kuwaamkia. Mmeamkaje, poleni na kazi, theluji imewatendaje, watoto hawajambo? Wakatazamana. Halafu akaeleza kazi. Miaka kumi na miwili ya uhasibu Mombasa, kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Lakini kila jambo alisema "tulifanya". Tulifunga hesabu kwa wakati. Tuligundua malipo ya kontena yameandikwa mara mbili. Yule kijana wa kulia akamkatiza: ni wewe au ni wenzako?

BUTI: Akajibu nini?

TAI: Alinyamaza kidogo. Akasema, "Nilikuwepo."

KIOO: Nilikuwepo! Na aliyakesha yale makontena mwezi mzima, peke yake! Mkewe kanisimulia mimi, akisuka nywele.

BUTI: Alelewe Lamu, afunzwe kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, aambiwe mkubwa akisema inamisha macho. Leo akakae mbele ya watu wazima, awakodolee, ajitangaze kama mnadi wa samaki saa ya jua kuchwa. Wanamwona anainamisha macho, wanaandika hajiamini. Ile ni adabu, jamani. Imemgharimu mama yake bakora nyingi.

TAI: Bado hamjasikia la mnyama.

KIOO: Mnyama gani?

TAI: Walimwuliza: kama ungekuwa mnyama, ungekuwa nani?

BUTI: Mhasibu huyo?

TAI: Mhasibu. Nikajinyoosha kifuani pake nikimwashiria, sema tai! Sema tai! Jibu limening'inia shingoni! Akasema punda.

(Kimya.)

KIOO: Punda.

TAI: Akaeleza vizuri tu. Kwetu Lamu punda ndiye anayejenga mji, hubeba matofali, hubeba maji, anajua njia za vichochoroni hata bila mwenyewe. Wakacheka kwa upole. Kijana alitaka simba, nilimwona usoni.

BUTI: Simba amefunga hesabu za nani? Simba hulala mchana kutwa, mkewe ndiye awindaye! Nasema hivi, na mnisikie. Zamani waliandika kwenye tangazo: lazima uwe na uzoefu wa Kanada. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ikasema mwaka 2013 kwamba huo kwa kawaida ni ubaguzi. Ikachukua mpaka Januari 2026 ndipo sheria ya mkoa ikakataza neno hilo kwenye matangazo ya kazi. Vizuri, neno limetoka mlangoni, likarudi dirishani limevaa kanzu. Sasa linaitwa utulivu. Linaitwa kujiamini. Linaitwa kuona kama utaendana na sisi.

TAI: Lakini mtu aliyetulia...

BUTI: Utulivu gani? Mtu mwenye akiba ya miezi sita benki hutulia bila semina. Huyu ametoka zamu saa moja asubuhi, kodi ni tarehe mosi, anaingia kule saa nne hajalala, mnampima kutetemeka kwa glasi! Kama mnataka kujua anajua hesabu, mpeni hesabu! Mwekeeni daftari bovu mezani, mpeni saa moja, mwone. Hapana. Mnamwuliza mnyama.

KIOO: Punguza sauti, ataamka.

BUTI: Na hao walioitwa ni wenye bahati. Philip Oreopoulos, mchumi, alituma maombi ya kubuni karibu 13,000 kwa waajiri wa Toronto na jirani zake, akachapisha matokeo mwaka 2011. Sifa zilezile, jina tofauti. Wenye majina ya Kiingereza waliitwa zaidi kuliko wenye majina ya Kichina, Kihindi na Kipakistani, kwa zaidi ya theluthi. Karatasi haitetemeki. Karatasi haiinamishi macho. Jina lingesimama kama Superman vipi? Na wewe Kioo, badala ya kumwonyesha mtu anayejua kazi yake, unamhesabia tabasamu!

KIOO: Mimi huonyesha kilichopo mbele yangu.

BUTI: Unaonyesha kushoto kuwa kulia.

TAI: Unajua aliyejiamini ni nani? Rex Heslop. Miaka ya 1950 alijenga nyumba kwenye mashamba haya, akauita mtaa kwa jina lake.

BUTI: Kwa mara ya kwanza leo umesema la maana. Naye hakuulizwa mnyama.

KIOO: Watajibu lini?

TAI: Walisema watapiga simu. Sheria hiyo mpya ya mkoa inawataka wenye wafanyakazi 25 na zaidi wamjibu aliyefanyiwa intavyuu ndani ya siku 45. Leo ni ya kwanza.

(Taa inawaka. Bwana anafungua kabati, macho mekundu. Anajitazama kiooni, anapitisha mkono usoni. Bila kufikiri anaweka mikono kiunoni, anatanua miguu, anajiona, anateremsha mikono. Anachukua Buti. Anamsukuma Tai nyuma ya makoti.)

TAI: Mwambie hajanifungua! Ameniacha na fundo tangu mchana, nanyongeka!

KIOO: Ameliacha makusudi. Lilimchukua nusu saa kulifunga.

TAI: Buti! Mwambie!

(Buti yuko kwenye lifti.)