Sifa za Azimio la Kazi la Kununuliwa

Ng'ombe amesifiwa, mahindi yamesifiwa, na kila mwanasiasa aliyewahi kukanyaga soko la Naitiri amesifiwa mpaka mwenyewe akaona haya kidogo. Azimio la kazi pekee ndilo halijapata wa kulisifu. Nasema lile la kununuliwa, linaloingia kwenye simu kwa WhatsApp pesa za M-Pesa zikishafika tu, likiwa na wiki zote za muhula, vipindi vyote, matokeo maalumu yanayotarajiwa, maswali dadisi, nyenzo, tathmini na safu ya mwisho ya maoni. Mimi mwalimu wa sekondari msingi hapa Tongaren nimelala nalo, nimeamka nalo, nimegombana nalo. Ushahidi wangu upokelewe.

Ni jepesi. Halidai chai. Likipotea linapatikana tena kwa bei ileile. Hizo ni fadhila ndogo, nazipita.

Fadhila yake kuu ni unabii. Nchi hii ya Wabukusu si ngeni kwa manabii: Mutonyi Bukelembe anasimuliwa kuwa aliwaona wageni weupe kabla hawajafika, na Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwaambia wakoloni wafunge virago. Lakini ni nani kati yao aliyetaja wiki na kipindi? Azimio langu limejua tangu Januari kwamba Jumatano ya wiki ya 10, kipindi cha tatu, wanafunzi wa Gredi ya 7 watajigawa katika makundi, watajadili, watawasilisha, na wataichangamkia mada, yote ndani ya dakika 40. Linajua hivyo hata kama mvua ya Machi imeshaivuruga barabara ya Ndalu na nusu ya darasa iko shambani ikipanda mahindi. Safu ya maoni, ambayo mwalimu huijaza baada ya kufundisha, ilinifikia ikiwa imejazwa: somo limefaulu. Mutonyi mwenyewe hakuthubutu kufika hapo. Na ukurasa wa 14 unatabiri kwamba tutazuru ufuo wa bahari kukusanya makombe. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Mtu asiye na imani atasema azimio liliandikiwa shule ya Pwani. Mimi nimewaambia wanafunzi waangalie upande wa mto Nzoia, bahari ikija itapitia huko.

Pia lina huruma. Sekondari msingi ilipoanza mwaka 2023, walimu wanagenzi waliletwa kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakakuta masomo zaidi ya kumi yakiwasubiri, nao wamesomea mawili. Mwaka 2024 masomo yakapunguzwa hadi 9. Walimu hawakuongezeka kwa sababu hiyo. Aliyesomea Kiswahili na Dini akajikuta mbele ya darasa la Sayansi Jumuishi na chupa moja ya siki. Nani alimjia usiku huo? Si wizara. Azimio lilimjia, limepigwa chapa vizuri, na jina la mwalimu mwingine juu.

Kufundisha kwa azimio la kununuliwa ni kuongoza kisa kilichoandikwa na mtu mwingine, na kazi hiyo ina wataalamu wake. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao mmoja huongoza kisa na wenzake huwa wahusika wanaohangaika na mazimwi. Visa vilivyokwisha kuandikwa huuzwa madukani, na kiongozi mgeni hudhani lazima akariri kitabu kizima. Wazoefu humwambia apunguze jasho: asome kisa chote mara moja, haraka, ajue kinaelekea wapi; kisha atayarishe vizuri ile sehemu tu ambayo wachezaji watafika jioni hiyo; ajue kila mhusika anataka nini; mengine ayaache, kwa maana wachezaji watafungua mlango ambao mwandishi hakuuweka. Yeyote aliyefundisha Gredi ya 7 anawajua wachezaji hao. Unauliza swali dadisi kuhusu asidi, nao wanataka kujua kwa nini pombe ya busaa huchacha, na wana haki, na hapo ndipo somo lilipo.

Ila yule kiongozi wa mazimwi hana anayekuja kumkagua faili.

Sisi tunaye. Tangu 2016 tume ya walimu, TSC, humpima mwalimu kwa mfumo wa tathmini uitwao TPAD, na azimio ni mojawapo ya stakabadhi zinazoulizwa. Mtaala wa KICD, taasisi ya kukuza mitaala, upo ili mwalimu auchukue, alitazame darasa lake, kisha aandike azimio lake mwenyewe. Hilo ni jambo zuri, nasema bila mzaha. Lakini afisa aliyetujia muhula uliopita aliketi ofisini, akahesabu kurasa, akatafuta muhuri, akauliza kwa nini tarehe ya wiki ya pili haina sahihi. Darasa lilikuwa hatua ishirini kutoka kiti chake. Hakuingia! Ndani mlikuwa na watoto wakigawana kitabu kimoja watu watano, na mwanagenzi aliyekesha akinakili faili badala ya kusoma somo la asubuhi. Ukimpa mtu saa mbili za usiku na kazi mbili, atafanya ile inayokaguliwa. Hao watoto hawakaguliwi.

Najiuliza omuswala kumuse, msemaji wa Wabukusu matangani, angepata alama ngapi. Mzee yule husimama mbele ya waombolezaji bila karatasi, hutembea huku na huku, huwasoma nyuso, hupima nani anahitaji kukemewa na nani kufarijiwa, na historia ya ukoo humtoka kwa mpangilio wa siku hiyo. Nyenzo: fimbo. Maoni: hayakujazwa. Angeandikiwa kwamba hajakidhi matarajio, kisha apelekwe semina Kitale.

Azimio langu lilipewa alama nzuri sana. Wanagenzi wengine wawili wanaripoti muhula ujao, na mwalimu mkuu ameshaniomba, kwa heshima zote, niwatumie. Nitawatumia leo jioni. Wafute jina langu juu, waweke yao, wapige muhuri. Ukurasa wa 14 wauache ulivyo, afisa hafiki huko.