Ngeli za Nyau

Paka wangu ana miezi sita na hajui kunyamaza. Usiku wa tatu bila usingizi niliamua kumfanyia walichokifanyia wanasarufi Kiswahili: kuigawa milio yake katika ngeli. Mtafiti Mildred Moelk alinitangulia mwaka 1944, akaorodhesha sauti 16 za paka kwa kuangalia kinywa kinavyofunguka na kufumba. Mimi naangalia anachotaka.

Ngeli ya DAGAA ni nyepesi. Nyau fupifupi, mkia wima, na huanza pale tu fundo la mfuko linapoguswa. Kichwa kimoja cha dagaa humnyamazisha kwa muda ule ule wa kutafuna kichwa kimoja cha dagaa.

Ngeli ya PA-KU-MU ndiyo iliyonitoa jasho. Sarufi inatwambia PA ni mahali dhahiri, KU ni kusiko dhahiri, MU ni ndani. Akiwa humu hulilia huko. Nikimfungulia, hutoka nusu, akasimama kizingitini, kiuno nje, mkia ndani, akitafakari. Nikifunga, analilia humu. Nashawishika kwamba kizingiti kinastahili kiambishi chake.

Ya MAMA si ya kuchekwa. Kitoto cha paka humlilia mama yake; paka wakubwa ni nadra kuliliana nyau wao kwa wao, ila kwa binadamu hawaachi. Huyu aliachishwa mapema, nami nimeandikishwa umama bila kuulizwa.

Juzi, saa kumi alfajiri, ukaja mlio usio na ngeli: mrefu, wa kuvutwa, huku akigaragara mkekani na kuinua makalio. Dagaa hataki. Mlango hataki. Nikambeba, akazidi. Nilikuwa nimeshajaza kurasa tatu za nadharia jirani yangu, bibi mtu mzima, alipochungulia dirishani.

“Mwanangu, huyo hana njaa. Keshakuwa mwari, anataka mume.”

Kweli, wapo majike wanaobaleghe hata kwa miezi minne. Asipopata dume, hali hiyo huchukua kama wiki, ikatulia, ikarudi baada ya wiki mbili tatu, mpaka apelekwe kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi. Kwenye nchi za baridi, siku zikifupika hupumzika. Huku kwetu ikwetani mchana haufupiki.

Nilipotoka kwenda kutupa zile kurasa, mashume watatu walikuwa wamekaa juu ya ukuta, kimya, kama wanafunzi waliowahi darasani.