Uhuru wa Kutopumzika

Muuguzi wa Homa Bay akifika Marekani hutuliwa mizigo mingi. Kwao, Sheria ya Ajira ya 2007 ilimlazimisha kupumzika siku 21 za kazi kila mwaka kwa mshahara kamili. Usumbufu mtupu! Sheria ya shirikisho kule haimbughudhi kwa hata siku moja ya likizo ya kulipwa.

Bosi naye ni rafiki wa kweli: huitwa kwa jina lake la kwanza, hata asubuhi anapomfuta mtu kazi bila notisi.

Matanga ya Migori huweza kula wiki nzima. Marekani shangazi huzikwa kwa Zoom, kamera imezimwa, kati ya zamu mbili. Ufanisi!

Na mzazi hakusahaulika: tangu 1993 anaruhusiwa wiki 12 za kulea mtoto, mradi ameshamtumikia mwajiri miezi 12. Bila malipo.