Muulize Bi Mwiko: Biriani Imekwisha, Sasa Nini?

Barua za wiki hii zimenifikia zikinuka samli, na nyingine, Mungu anisamehe, zikinuka ugomvi mtupu. Msimu wa harusi umeshika kasi. Kamati zilizoelewana juu ya ukumbi, sare na MC zimeshindwa kuelewana juu ya kitu kinacholiwa kwa kijiko kidogo. Nimejibu nilizoweza. Wale mliouliza namna ya kuwatoa ukumbini wageni wasio na kadi, hilo si la mwiko, hilo ni la mlinzi.

*

*Shikamoo Bi Mwiko. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya harusi, Tabata. Menyu yetu ni wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage ya nazi na mchicha wa nazi. Mama wa bwana harusi ni mtu wa Pangani, na ametamka kwamba pasipokuwa na ndizi mbivu za nazi mwishoni, yeye ukumbini haingii. Mweka hazina naye anatishia kujiuzulu. Nifanyeje?*
*Mwenyekiti Asiyelala*

Marahaba mwanangu, na pole. Nimeisoma menyu yako mara mbili nikitafuta kitu ambacho hakijapitiwa na mbuzi ya kukunia, sikukiona. Hata maji ya kunywa nina wasiwasi nayo.

Tatizo lako halikuanzia kwenye ndizi. Tui ni mafuta, na samaki wa kupaka aliyepikwa sawasawa hupakwa tui zito. Mgeni akimaliza sahani hiyo ulimi wake umevishwa utando. Mletee hapo ndizi zilizochemkia kwenye tui la kwanza, na hatasikia ndizi wala iliki. Atasikia uzito tu, kisha atatafuta kiti chenye egemeo. Ndizi za nazi ni pishi tukufu, na nimezitetea mbele ya vijana waliosomea hoteli. Lakini zinataka kutanguliwa na kitu kikavu: changu wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, kuku wa mkaa, hata muhogo wa kuchoma.

Kwa hiyo kabla hamjajadili kitindamlo, mwulizeni mpishi swali moja: chakula chenyewe kitamwacha mgeni na nini mdomoni? Kikimwacha na mafuta, mpeni kichachu. Kikimwacha na pilipili, mpeni maziwa. Kikimwacha na ukavu, basi hapo nazi, samli na shira vinaruhusiwa kuingia bila hodi.

Kwenu ninyi, ondoeni nazi kwenye maharage na mchicha. Mweka hazina atapata usingizi na samaki atapata heshima yake. Mwishoni wekeni nanasi, pesheni na embe lililonyunyiziwa ndimu, au bilauri ndogo ya juisi ya ukwaju iliyopoa kwelikweli, isiyojazwa sukari. Na mama wa Pangani? Apikiwe bakuli moja la ndizi za nazi, lipelekwe meza kuu mbele ya kamera, MC atangaze kwamba limeandaliwa kwa heshima yake. Bakuli moja. Ataingia ukumbini, na ataimba.

*

*Bi Mwiko, nimeona watu wanaweka ndizi mbivu na kipande cha tikiti juu ya sahani ileile ya pilau. Mchumba wangu anasema ni ushamba. Amekaa Ulaya miaka miwili.*
*Msomaji, Tanga*

Mwambie mchumba kwamba watu wa mwambao hawakungoja kufundishwa kwamba utamu una nafasi pembeni ya nyama. Ndizi mbivu hupoza bizari na pilipili manga, kachumbari hukata mafuta, na pilau inasonga mbele kwa raha. Kwa maana hiyo, aliyeandaa pilau na ndizi ameshaanza kitindamlo kabla sahani haijaisha. Hana sababu ya kuleta pudini nzito baadaye. Kashata ya karanga na kahawa chungu kwenye kikombe kidogo vinatosha, tena vinamwamsha mzee aliyeanza kusinzia.

Kuhusu miaka miwili ya Ulaya, angekaa mitano ningeogopa zaidi.

*

*Heshima yako Bi Mwiko. Kwenye kipaimara cha binti yetu hapa Moshi niliandaa jeli nyekundu yenye vipande vya nanasi freshi. Ililala kwenye friji usiku kucha, asubuhi ikawa bado uji. Dada wa kazi anasema kuna mtu ametutupia jicho, na jirani yetu nimeshaanza kumnunia. Mwezi ujao ni sendoff ya dada yake mkubwa, na ndafu ipo. Nijaribu tena?*
*Mama Wawili*

Mama Wawili, mrudishie jirani salamu zake. Aliyekuroga ni nanasi. Ndani yake mna kimeng'enya kinachoitwa bromelini, na kazi yake ni kukatakata protini. Gelatini inayogandisha jeli ni protini. Umeviweka chumba kimoja usiku kucha, ulitegemea nini? Papai lina ndugu yake aitwaye papaini, na ndiyo maana wapishi hupaka papai bichi kwenye nyama ngumu. Nanasi la kopo halina neno, kwa kuwa joto la kiwandani limeshakiua kimeng'enya. La kwako lichemshe kwanza, lipoe, ndipo ulitumie.

Lakini hata ikiganda, bado una kesi. Gelatini hulegea ikikaribia joto la mwili. Ukumbi wenye watu 400 na feni zinazozunguka kwa hisani tu utakurudishia uji wako mbele ya wakwe. Tena gelatini hutokana na ngozi na mifupa, ya ng'ombe au ya nguruwe. Kama upande wa pili kuna Waislamu, soma pakiti dukani, usiisome mezani mbele yao. Iko agari, inayotokana na mwani. Hiyo huganda ikishapoa chini ya nyuzi 40 hivi, na ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85. Kwa sherehe ya hema na jua, sijaona mshindani wake. Ila nayo ukiitia nanasi chachu sana italegea, kwa hiyo usijivune.

Sasa ndafu. Mbuzi mzima aliyebanikwa mpaka ngozi ikang'aa, akaingizwa ukumbini amesimama na majani mdomoni, watu wakamcheza kabla ya kumkata, anaacha mafuta mengi kinywani. Unajua kinachofaa baada yake? Nanasi. Lilelile ulilokuwa ukilitumbukiza kwenye jeli. Limenye, likate vipande vinene, lipoze, lipange kwenye sinia. Uchachu unasafisha ulimi na hakuna cha kuganda wala kuyeyuka. Na usihesabu keki kama kitindamlo. Keki yetu inalishwa wazazi, inapelekwa kwa wakwe, inapigwa picha, na mgeni wa meza ya nyuma anaisikia kwenye kipaza sauti tu.

*

*Je, tikiti maji ni kitindamlo?*
*Mwanakamati, Nairobi*

Ni maji yenye adabu. Baada ya nyama choma na kachumbari yenye pilipili, saa tisa alasiri, nitalipokea kwa mikono miwili. Baada ya chapati na mchuzi mwepesi wa kuku, kwenye harusi ambayo wageni wamechanga, utakuwa umewaaga na njaa ya kitu kitamu. Ongeza hata kipande cha keki ya ndizi.

*

*Bi Mwiko, mimi ni mtu wa Mwanza, nimeoa Unguja. Siku ya akdi tuliletewa halua na kahawa chungu. Baba yangu akadhani ndicho chakula chenyewe. Akaomba kijiko, akamaliza kisahani kizima cha meza, na biriani ilipokuja akabaki anaitazama. Sasa walima ni wa upande wetu. Nataka halua niipeleke mwisho, kama kitindamlo, ili wazee wangu waelewe. Mke wangu amenuna.*
*Mkwe wa Ziwani*

Mkeo amenuna kwa haki. Halua haiko kwenye foleni ya chakula. Ni ya kumpokea mtu na ya kuibariki ndoa iliyokwisha kufungwa, Unguja na Muscat vilevile, na mwenzi wake ni kahawa isiyo na sukari. Mtu humega kidogo kwa vidole, akapiga funda la kahawa, akamega tena. Uchungu na utamu vinasukumana. Aliyempa baba yako kijiko ndiye mwenye lawama.

Hata nikiiacha mila pembeni, hesabu ya ulimi inakataa. Halua ni wanga, sukari na samli, vilivyokorogwa kwa saa kadhaa juu ya moto, vikatiwa iliki, zafarani na kungumanga. Biriani nayo imeshatumia samli, iliki na zafarani. Ukizifuatanisha, mgeni anasimuliwa hadithi moja mara mbili, na ya pili inamchosha.

Baada ya biriani yenye pilipili mlete maziwa. Ukali wa pilipili hauondoki kwa maji, kwani ukali huo huyeyuka kwenye mafuta, na protini ya maziwa huunasa na kuuondoa ulimini. Mtu wa kwanza utakayemfikiria ni firini, na hapo nitakuzuia mkono: firini ni mchele, na wageni wako wametoka kwenye sinia ya mchele. Chagua faluda ya kuganda, ya maziwa na agari, iliyotiwa arki ya waridi na kunyunyiziwa lozi. Iliki iache, imeshafanya kazi yake kwenye biriani. Ikatwe vipande vidogo. Ni laini, ni baridi, haibishani na mchele.

Halua usiinyime nafasi. Wape wageni vijifuko waondoke navyo, kwa sababu hukaa siku nyingi bila friji na safari ya basi hadi Mwanza haiiharibu. Cha baba kiwe kikubwa zaidi, na kijiko ndani. Ameshazoea.

*

*Salaam aleikum Bi Mwiko. Mimi ni mpishi wa shughuli, Kisauni, Mombasa. Mteja ataka aiskrimu, kastadi na kaimati baada ya pilau ya mbuzi, hema la nje, saa nane mchana, watu 500. Ratiba yasema hotuba ni dakika 20.*
*Mpishi Mwenye Shaka*

Waaleikum salaam. Shaka yako ni ya mtu mzima. Ratiba hiyo imeandikwa na mtu asiyewajua wanasiasa.

Aiskrimu ifute, labda mwenye toroli akubali kusimama mlangoni na kugawa moja moja. Kastadi ndiyo inayonitisha. Chakula baridi hukaa chini ya nyuzi 5, cha moto juu ya nyuzi 60, na katikati hapo ndipo vijidudu hufanya harusi yao. Chini ya hema lenye joto la zaidi ya nyuzi 32, kastadi iliyokaa nje saa moja usimpe mtu. Mwenye hotuba wa kwanza peke yake anaimaliza saa hiyo.

Kaimati zinawezekana, kwa masharti. Kosa la wengi ni kuzikaanga asubuhi, kuzitosa kwenye shira, na kuzifunika. Saa nane zimekuwa sponji. Kanda unga uumuke, karai liwe nyuma ya hema, kaanga kwa mikupuo, na shira izipate zikiwa zinaenda mezani. Nne kwa kila mtu, na ziada kwa meza ya watoto, maana hao hawahesabu.

Mbuzi wa pilau ana mafuta, kwa hiyo pembeni ya kaimati weka achari ya embe na kahawa ya tangawizi, wageni wapate pa kupumzikia na sukari. Kama mteja anashikilia kwamba wewe ndiye utakayekula hasara ya wapishi wa karai, mpe visheti na vileja. Hivyo vilipikwa juzi na vitakuwa vizuri kesho, hata mgeni rasmi akiamua kusimulia utoto wake.

Halafu mtafute MC mapema. Mpelekee kisahani cha kaimati za moto wakati msemaji wa tatu anafungua karatasi zake. Wewe simama karibu na spika umtazame. Akitafuta kitambaa cha kufutia shira vidoleni, washa karai la pili.