Vifaranga vya Balbu

Yai la kuku halina makuu. Linataka siku 21, joto la nyuzi 37 na nusu, unyevu wa wastani, na mtu asiye na kazi nyingine. Kuku anayeatamia ana vyote hivyo. Mashine ya kutotolesha inavyo vitatu vya mwanzo, tena umeme ukiwepo. Cha nne unatoa wewe mwenye nyumba, na sijaona muuzaji anayekitaja kwenye bei.

Kwamba lazima awepo wa kukaa na mayai si habari mpya. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika kwamba huko Misri mayai huanguliwa ardhini, yakiwa yamefukiwa kwenye samadi. Papo hapo anasimulia habari za mlevi mmoja wa mji wa Syracuse aliyekuwa akiweka mayai chini ya mkeka wake, kisha akakaa kunywa mfululizo mpaka vifaranga vitoke. Nilipomsimulia shemeji habari hii aliomba niirudie, halafu akauliza kama kuna mikopo ya vijana kwa mradi wa namna hiyo. Wamisri wao walikuja kujenga matanuri ya matofali ya udongo yenye kubeba maelfu ya mayai, na wahudumu wakawa wanaishi humo humo, wakipima joto kwa kulibandika yai kwenye kope la jicho. Hawakuwa na kipimajoto wala umeme, na vifaranga vilitoka. Sisi hapa Kihonda, Morogoro, vyote viwili tulikuwa navyo, umeme kwa zamu.

Mashine yetu ilitengenezwa na fundi wa mjini. Ni sanduku la plaiwudi lenye balbu mbili za zile za zamani zinazotoa joto kuliko mwanga, feni iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu, themostati yenye tarakimu nyekundu, na trei inayogeuzwa na mota. “Kaka, hii ni fulu otomatiki,” alisema fundi. “Wewe ni kula na kulala.” Kula nilikula.

Mota ndiyo iliyotangulia kufa. Sasa yai lisipogeuzwa, kiinitete kinagandamana na ganda na habari yake inaishia hapo. Kuku hugeuza kwa mdomo mara nyingi mchana na usiku bila kuambiwa. Binadamu anashauriwa ageuze walau mara tatu kwa siku, na idadi iwe witiri, ili upande uliolala chini usiku mrefu wa jana usilale chini tena leo. Ili usichanganyikiwe unachora kwa penseli X upande mmoja na O upande wa pili. Kazi hiyo walipewa watoto, nao wakaona X ni ubahili. Wakachora sura. Kila yai likawa na macho, pua na mdomo, mengine masharubu, na moja tai. Saa tano usiku nikawa nalaza umati wa watu kifudifudi, na alfajiri nawarudisha chali, huku wote wananitazama.

Haya yote yalifanyika chumbani kwetu. Ulikuwa mwezi wa 7, baridi inateremka kutoka Uluguru, na sebule yetu mlango wake hauna adabu: unafunguka kila baada ya dakika. Jikoni kuna moshi. Kikabaki chumba kimoja chenye joto lililotulia. Mke wangu aliitazama ile taa nyekundu, akaisikiliza feni, akasema, “Baba watoto, mimi nakuombeeni heri,” akachukua mto wake na kuhamia kwa watoto. Nikabaki na mayai.

Siku ya 7 tulipima kwa tochi ya simu, taa zote zimezimwa. Yai lililo hai huonyesha kidoa cheusi chenye mishipa myekundu iliyotambaa kila upande. Lililokufa njiani huwa na duara la damu. Lisilo na kitu linang'aa tupu mwanzo mpaka mwisho, na ya namna hiyo yalikuwa mengi kuliko nilivyolipia. Muuzaji wa mayai alikuwa ameniapia, “Bosi, jogoo yupo, tena hana mchezo.” Jogoo alikuwepo, simsingizii muuzaji. Ila wafugaji wanahesabu jogoo mmoja kwa matetea kumi hivi, na yule alikuwa ameachiwa banda zima peke yake. Kwa ushahidi wa tochi, alikuwa ameshachagua wachache anaowapenda, wengine akawasalimia tu. Yai lililochorwa tai na tabasamu pana, ambalo watoto walikuwa wakiliita Mheshimiwa, ndani hamkuwa na kitu kabisa.

Halafu umeme ukakatika. Hapa naomba niseme jambo ambalo lingeokoa usingizi wa wafugaji wengi: yai haliogopi sana kupoa. Kuku mwenyewe huinuka kiotani kila siku kwa robo saa au zaidi, akanywa maji, akala, akaacha kinyesi kikubwa chenye harufu ya siku nzima, akaoga vumbi, ndipo akarudi. Mayai yakipoa kidogo, ukuaji unapunguza mwendo tu. Kinachoua haraka ni joto kuzidi. Nilifunika sanduku kwa blanketi, nikapanga ndani chupa za maji ya moto, nikatoka kwenda kutafuta mshumaa. Niliporudi nilimkuta shemeji, aliyeona chupa zinachelewesha mambo, amesogeza jiko la mkaa mpaka mlangoni mwa mashine, anapepea kwa mfuniko wa sufuria. Madirisha yamefungwa. Tulitoka humo mimi, yeye na jiko kwa utaratibu huo. Mayai ya safu ya mbele hayakuwa na haja ya tochi tena. Shemeji alipendekeza tuyapime kwa chumvi.

Umeme uliporudi, ulirudi kwa kishindo na balbu moja ikaungua. Nikaweka nyingine, ile mbovu nikaitupa nyuma ya migomba, penye shimo la taka.

Kwenye migomba hiyo ndipo alipoingia kuku wa jirani, mweusi mwenye kishungi. Jirani yetu ni mama wa makamo anayeuza mayai dukani kwa mtu, na kuku anayelalia kwake ni kuku aliyegoma kazi. Alikuwa ameshamfanyia dawa zote tunazozijua: kamzamisha kwenye ndoo, kamfunga mguu juani, kamfunika tenga. Dawa hizi humsaidia kuku kufahamu kwamba hapo alipo si mahali pa kulelea. Akapita chini ya michongoma, akaja kwetu, akaiona balbu: nyeupe, ya mviringo, haina mwenyewe. Akaikalia.

Basi hali ikawa hivi: chumbani balbu inaatamia mayai, na nje kuku anaatamia balbu. Kwa uangalifu, wa nje ndiye aliyekuwa mbele. Aling'oa manyoya ya kifuani ili ngozi iguse kioo. Aliigeuza balbu kwa mdomo, upande mpana upande mwembamba. Ukisogea anajivimbisha na kunguruma, na ukizidi unapata jeraha. Nilimpigia simu mama yangu Kilosa kumweleza, akacheka mpaka salio likakaribia kwisha, kisha akasema, “Mwanangu, mwekee majivu hapo chini, utitiri usimmalize. Hayo mengine mwachie mwenyewe.” Nikafikiria kumhamishia mayai yangu yote nikalale, lakini kuku wa kienyeji hufunika mayai 10 mpaka 15, yangu bado yalizidi, na zaidi ya hapo, kuku hakuwa wangu.

Kuhusu yai viza lililopasuka ndani ya mashine wiki ya tatu sitaki kuandika mengi. Feni ile ya kompyuta ilifanya kazi yake vizuri sana siku hiyo. Mashuka tulifua, suti yangu ya harusi tuliianika kwa juma zima, na wageni waliokuja kusali nyumbani walifupisha sala.

Ikafika siku ya 18. Hapo kugeuza kunakoma, unaongeza maji kwenye bakuli ili unyevu upande, na unafunga mlango. Kufungua ni marufuku, kwa sababu hewa kavu ikiingia, ngozi laini iliyo chini ya ganda inakauka na kumfunga kifaranga ndani akiwa hai. Kifaranga hutoboa kwanza kile chumba cha hewa kilicho upande mnene wa yai, akavuta pumzi yake ya kwanza humo, akaanza kulia kabla ganda halijapata hata ufa. Kwa hiyo usiku wa kuamkia siku ya 21 tulisikia mlio kutoka ndani ya yai lililochorwa masharubu. Mke wangu alirudi na mto wake. Watoto walilala sakafuni. Shemeji alitaka kusaidia kubandua maganda, akawekwa nje ya mlango, maana ukibandua kabla mishipa haijanywea unamtoa damu kifaranga, na kutoka tundu la kwanza mpaka kujitoa inaweza kupita nusu siku au hata siku nzima. Usiku ule kulikuwa na mpira, Simba na Yanga, na majirani wawili waliokuja kuangalia kwetu waliondoka bila kuuliza matokeo.

Asubuhi sanduku lilikuwa limejaa kelele. Kelele hizo zilipita dirishani, zikafika kwenye migomba. Yule kuku mweusi aliinuka juu ya balbu, akakata uwanja, akaingia mlango wa nyuma bila hodi, akapita koridoni, akaingia chumbani na kupanda juu ya mashine. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Hakunguruma tena, alikuwa anaita, kwok, kwok, na mle ndani wakawa wanaitikia. Tulisubiri giza, kwa sababu mchana kuku anaweza kushtuka na kuwadonoa wageni, tukawapitisha vifaranga mmoja mmoja chini ya mbawa zake. Aliwapokea wote na kujipanua juu yao kama mama anayepanga watoto kwenye mkeka mmoja. Taa nyekundu ikazimwa. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, nililala.

Niliamshwa na hodi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, jirani. Nimekuja kumchukua kuku wangu na wanawe.”

Nikamwambia kuku ni halali yake. Kuhusu hao wanawe, nikamwonyesha mashine. Akaitazama, akasema hajaona sanduku likiitwa mama na mtu yeyote, na kama ninabisha, nimwite kifaranga mmoja kwa mdomo wangu tuone kama atakuja. Niliita. Mke wangu ananiambia nisingeita.

Shauri likaenda kwa mjumbe, mzee mtulivu aliyewahi kuamua kesi za mipaka, mbuzi na redio. Alitusikiliza wote, akaanza na mama.

“Huyu kuku alikaa kiotani muda gani?”

“Wiki kama mbili, mzee.”

“Alikalia nini?”

Mama alikohoa. “Balbu.”

“Ya nani?”

“Ya huyu.”

Akanigeukia. “Na wewe, mayai yako yaliatamiwa na nini?”

“Balbu, mzee. Hiyo hiyo, kabla haijaungua.”

Mjumbe akaagiza balbu iletwe. Ikaletwa, ikiwa na unyoya mmoja umenata. Akaitikisa sikioni, akasikiliza kile kiwaya kinavyogonga, akaiweka mezani katikati yetu. “Kuku ni wa mama,” akasema. “Hilo halina ubishi. Balbu ni ya huyu baba. Na vifaranga, kwa maelezo yenu wenyewe, ni vya balbu.”

Katika maafikiano yaliyoandikwa kwenye daftari la mtoto wa darasa la tatu, kuku alibaki kwetu mpaka atakapowaacha wanawe, jambo linalochukua wiki sita mpaka nane hivi. Chakula chake na chanjo ya kideri ni juu yangu. Na mama atapata matetea wawili wa kuchagua mwenyewe. Ndiyo sababu alikuwa anakuja kila jioni, anainama uani na kuwakagua, akitafuta nani kilemba chake kinawahi kuwa chekundu, maana huyo ni jogoo. Kwa kawaida wanakuja nusu kwa nusu. Kwetu nusu hiyo ilipimwa kwa jicho la fundi wetu, majogoo wakazidi.

Mjumbe ameshachukua jogoo wake, gharama za kikao. Shemeji naye anadai wake, kwa kazi ya jiko. Tetea wa kwanza wa mama tumemkabidhi bila neno. Wa pili, yule mweupe aliyemchagua mapema na kumfunga uzi mwekundu mguuni asije akabadilishiwa, amewika jana alfajiri.