Iba Filamu ya Kale, Irudie Kibiti

Unataka kutengeneza filamu. Huna hela, huna hadithi, na rafiki zako wameshaanza kuuliza itatoka lini. Sogea karibu nikupe njia ya mkato. Usitunge, kutunga kunachosha. Iba. Tena iba kitu kikongwe ambacho wenyewe waliibiana kabla yako, ili usiwe na deni na mtu.

Kitu chenyewe ni hadithi ya binti mtukutu anayepelekwa shule ya maadilisho. Unaijua hata kama hujawahi kuiona. Kuna kosa, kuna geti, kuna mlezi mkali, kuna mbabe wa bweni, kuna usiku wa kutoroka. Basi, umemaliza skripti.

Hatua ya kwanza: chukua jina na mifupa, nyama waachie wenyewe.

Wajerumani waliitengeneza mwaka 1918, Richard Oswald akiongoza, kutokana na riwaya ya Margarete Böhme ya mwaka 1905. Mwaka 1929 G. W. Pabst akaichukua hadithi ileile, akamweka Louise Brooks mbele ya kamera, na hadi leo inayotazamwa ni ya Pabst. Huko Marekani, kampuni ya American International Pictures ilitoa Reform School Girl mwaka 1957. Mwaka 1994 Lou Arkoff, mtoto wa mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alishirikiana na Debra Hill kufukua majina ya filamu za enzi zile. Wakatengeneza filamu kumi kwa ajili ya televisheni ya Showtime. Kila muongozaji alipewa dola milioni 1.3 na siku 12 za kushuti. Wengi wao walibeba jina tu, hadithi wakaiandika upya. Reform School Girl ilimwangukia Jonathan Kaplan.

Dola hutapewa. Siku 12 zinaigika, ziige. Maneno ya wahusika na picha za watu usiguse, maana Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo. Wazo la binti kupelekwa shule ya maadilisho halina mwenyewe.

Hatua ya pili: usijenge gereza.

Hapa wengi ndipo wanapofilisika. Wanatafuta ukuta, wanatafuta seng'enge, wanakodi jengo la serikali kwa barua zisizojibiwa. Kibiti, mkoani Pwani, hakuna shule ya maadilisho ya wasichana. Tanzania Bara kwa miaka mingi ilitegemea moja tu, Irambo ya Mbeya, iliyowekwa kwa ajili ya wavulana. Kenya ndiko waliko na za wasichana, Kirigiti na Dagoretti. Huna haja ya kwenda huko.

Nenda Nyamisati, panda boti, ingia delta ya Rufiji. Chagua kisiwa chochote ambacho wenyeji watakukubalia. Maji yakijaa, binti wako amefungwa. Maji yakipwa, amefungwa zaidi, kwa sababu tope la mikokoni linashika hadi magoti na hakuna anayekimbia humo. Kuta zote hizo hujalipia. Mnara wa mlinzi nao upo tayari katika mashamba ya mpunga: dungu. Warufiji wanakaa juu ya madungu kulinda mpunga usiliwe na nguruwe, nyani na ndege. Mpandishe mlinzi wako juu, weka kamera chini iangalie mbinguni, na hakuna mtazamaji atakayeuliza geti liko wapi.

Jambo moja ulishike. Maji hayangoji muongozaji. Ukianza onyesho la kutoroka wakati maji yanakupwa, ukaenda kula, ukarudi kumalizia, binti atakuwa amekimbia juu ya tope katika kipande cha kwanza na anaogelea katika cha pili. Muulize mvuvi bamvua ni lini, ndipo upange ratiba. Tope shuti kwanza, maji yafuate. Na masika uyakwepe kabisa: Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na watu waliokuwa wakihama na magodoro kichwani hawakuwa na muda na kamera.

Mikoko usikate hata fito moja kwa ajili ya seti. Ni msitu wa hifadhi, na pia ndiyo mandhari yako. Utakata nini halafu ushuti nini?

Hatua ya tatu: lipa watu kwa sura zao.

Kila mtu anataka kujiona. Hii ndiyo bajeti yako, itumie bila aibu. Mwenyekiti wa kijiji mpe nafasi ya hakimu. Atakuja na suti yake, viatu vyake vilivyopigwa rangi na kiti chake mwenyewe, na siku hiyo hakuna atakayepiga kelele karibu na lokesheni. Akisitasita, mkumbushe Rashidi Kawawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika filamu ya Muhogo Mchungu, Kawawa aliigiza mshamba aliyekwenda mjini akaliwa hela zake. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hutamaliza sentensi, mwenyekiti atakuwa ameshakubali.

Mwenye boti mwandike jina lake kubwa mwanzoni mwa filamu, atakupunguzia nauli. Fundi cherehani naye mwandike, sare za bluu na nyeupe atazirekebisha kwa bei ya uzi. Mama anayewapikia wali na samaki mpe sentensi moja ya kusema. Moja tu. Mbili atataka kuwa stelingi.

Mabinti wenyewe, chukua waliotimiza miaka 18 na kuendelea. Huu nao ni ujanja wa tangu zamani: Gloria Castillo alizaliwa mwaka 1933, kwa hiyo alipocheza msichana wa shule katika Reform School Girl mwaka 1957 alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya ishirini. Suka nywele mistari mitatu, vua hereni, vaa soksi nyeupe, umri unashuka wenyewe. Mtoto wa kweli mwenye kesi ya kweli mwache apumzike. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mahakama ya watoto ikae faragha, na wewe huna sababu ya kumtoa hadharani mtoto ambaye hakimu mwenyewe alimfungia mlango ili asionekane.

Hatua ya nne: badilisha gari, usibadilishe dereva.

Kaa vizuri, maana filamu yako iko hapa.

Katika ile ya 1957, binti Donna anaingia kwenye gari la wizi. Kijana ndiye aliyeliiba, kijana ndiye anayeendesha, kijana ndiye anayemgonga mtu akafa. Donna ndiye anayepelekwa shule ya maadilisho, kwa sababu hataki kumtaja. Katika ile ya Pabst, msaidizi wa baba katika duka la dawa ndiye anayempa binti mimba, na binti ndiye anayefungiwa. Mtunzi kabadilika, nchi imebadilika, usukani umebaki mikononi mwa mwanamume, na anayeshushwa mbele ya geti ni msichana.

Gari la wizi Kibiti utalitoa wapi? Weka bodaboda. Binti anatembea kwenda sekondari, kilomita kadhaa kila asubuhi, jua limeshawaka. Bodaboda inasimama. Lifti ya kwanza bure. Lifti ya pili na chipsi. Ya tatu na simu. Huhitaji kuongeza neno, kila mama atakayekaa kwenye mkeka kutazama filamu yako atajua kinachofuata na ataanza kunung'unika peke yake.

Kisha weka mwaka kwenye kioo: 2017. Juni ya mwaka huo, akiwa hukuhuku mkoani Pwani, Rais Magufuli alitangaza kwamba msichana aliyepata mimba akiwa shule hatarudi shule. Mwaka mmoja kabla, sheria ilikuwa imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Kwenye karatasi, mwanamume naye ana adhabu, tena kubwa. Lakini wewe na mimi tunajua yanavyokwenda: wazee wanakutana jioni, yanamalizwa kifamilia, binti anaambiwa asitaje jina, na kijana anahamia Mbagala. Asubuhi binti peke yake ndiye hana sare. Ruhusa ya kurudi shule ilitangazwa Novemba 2021 na Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako. Kati ya tarehe hizo mbili ni zaidi ya miaka minne, na kuna wasichana waliomaliza ujana wao humo.

Kwa hiyo usihangaike kutunga kosa la binti. Filamu za zamani zilihangaika sana, zikampa sigara, zikampa kisu, zikampa lugha chafu, ili mtazamaji aone anastahili. Wewe mpe begi la shule na ukimya.

Hatua ya tano: mlezi mkali, na mlango usiofunguliwa.

Kila filamu ya aina hii inaishi kwa mlezi wake. Pabst alikuwa na mke wa mkuu wa shule anayegonga mdundo, na wasichana wote wanapeleka kijiko cha supu mdomoni kwa pamoja. Onyesho hilo liibe lote. Weka uji, weka sahani za bati, weka mama mmoja na ngoma ndogo. Mchana wasuke ukili kwa mdundo uleule. Litakuwa onyesho bora kuliko yote katika filamu yako na litakugharimu kilo mbili za unga.

Ukitafuta mama wa kumchezesha, utashauriwa umchukue kungwi. Mchukue. Ana sauti, ana macho, amezoea kutii­wa na wasichana. Lakini hapo hapo utashawishika kushuti unyago wenyewe, kwa kuwa mwali anafungiwa ndani na wewe unatafuta kifungo. Acha. Nyimbo za ndani ni za ndani, na kamera yako haijachezwa ngoma. Shuti mlango umefungwa, shuti kanga zinazoingia na kutoka, na uondoke.

Tena usiuchore unyago kama gereza, utakuwa umekosea nchi. Mwali wa Kindengereko anaingia ndani akijua siku ya kutolewa ipo, ngoma zitapigwa, shangazi zake watatuza hela, na kijiji kizima kitasimama barabarani kumtazama alivyopendeza. Binti wa shule ya maadilisho hana anayemngoja nje. Tofauti hiyo ndiyo mwisho wa filamu yako, nakupa bure: akitoka kisiwani, mtoe kama mwali. Filamu za Marekani zilimrudisha binti kwa mvulana mzuri kuliko yule wa kwanza. Wewe mrudishe kwa shangazi zake, na begi la shule begani.

Hatua ya sita: ngumi na bunduki.

Filamu hizi ziliuzwa kwa mabango ya wasichana wanaovutana nywele. Ngumi moja inatosha, iweke mapema, na picha yake itie kwenye kava. Wateja wa kibanda umiza wataingia kwa sababu hiyo na watakaa kwa sababu nyingine.

Bunduki usiweke. Hata ya mbao. Kibiti walikufa viongozi wa vijiji na askari, na askari wanane waliuawa siku moja, Aprili 2017. Watu wa Bungu na Jaribu bado wana majina ya kutaja. Mlinzi wako ashike tochi.

Hatua ya saba: mahali pa kutokata kona.

Kibali cha Bodi ya Filamu chukua, Sheria ya Filamu ya 1976 inakudai. Ingia ofisi ya halmashauri Kibiti ukasalimie kabla ya kuonekana na kamera. Mabinti wako waandikie mkataba, hata wa ukurasa mmoja, wenye kiasi cha pesa na tarehe ya kulipwa. Hapa ujanja wote niliokupa unakoma. Ukimwomba msichana aigize namna alivyodhulumiwa na mwenye bodaboda, kisha ukamnyima chake, wewe ndiye umeshika usukani.

Hatua ya mwisho: onyesha palepale.

Usikimbilie Dar kutafuta sifa, zitakuja. Onyesho la kwanza lifanye Nyamisati, karibu na wanaosubiri boti ya Mafia, kwa shuka jeupe, spika moja na jenereta la kuazima. Mwenyekiti atakaa mbele kabisa, mwache, atapiga makofi kila akijiona. Wewe kaa nyuma, pamoja na mabinti. Anapotokea yule wa bodaboda kwenye shuka, wasikilize wanasema nini, na ukiona kuna mstari waliousema vizuri kuliko wewe ulivyouandika, rudi ukaushuti upya kabla ya filamu kwenda popote.

Ukiwa na simu yenye kamera nzuri, boti ya siku 12 na mabinti sita waliokubali, unaweza kuanza Julai. Mpunga umevunwa, barabara ya Nyamisati inapitika, na madungu bado yamesimama. Nenda kawaulize kwanza kama wanataka.